Nywila na namba zake: zikae kasha moja?

Shangazi yangu anaishi Muscat tangu ujana wake, lakini barua pepe yake aliifungua kwa laini ya Zanzibar. Kila alipobadilisha simu, zile namba sita za uthibitisho zilitumwa kwenye laini ambayo hakuwa ameitia salio kwa muda mrefu. Nikamshauri aachane na SMS, namba hizo zitengenezwe na programu ileile inayomtunzia nywila zake. Akaniuliza, "Mwanangu, nywila na namba nikiziweka kasha moja, mwizi akilifungua si amepata zote?"

Hata wataalamu wa usalama wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Ili kulijibu, kwanza tujue namba zenyewe zinatoka wapi.

Kwa njia ya SMS, namba hutumwa na kampuni. Kwa njia ya programu, hakuna kinachotumwa. Siku unapowasha uthibitishaji wa hatua mbili, tovuti hukuonyesha mchoro wa QR. Ndani yake mna mfuatano wa herufi na tarakimu, nao ndio siri yenyewe: tovuti inabaki na nakala yake, wewe unachukua yako. Tangu hapo kila upande hupiga hesabu ileile peke yake. Huchukua ile siri, na idadi ya vipindi vya sekunde 30 vilivyopita tangu tarehe 1 Januari 1970, huvichanganya kwa kanuni ambayo matokeo yake hayamrudishi mtu kwenye siri, kisha hubakiza tarakimu sita. Zikilingana, unaingia. Utaratibu huu ulichapishwa mwaka 2011 kwa jina la RFC 6238, wazi kwa yeyote kuutumia. Ndiyo maana siri moja hufanya kazi kwa Google Authenticator, kwa Bitwarden, 1Password na KeePassXC, hata kwa programu ya nywila inayokuja na iPhone.

Kwa hiyo namba hupatikana hata simu ikiwa haina laini wala bando, hata ukiwa ndani ya boti kati ya Unguja na Pemba. Kinachotakiwa ni saa sahihi tu. Namba zikikataliwa mara kwa mara, angalia kwanza kama saa ya simu imeachwa ijirekebishe yenyewe.

SMS haina uhuru huo, na ina hatari mbili zinazonitia wasiwasi zaidi. Ya kwanza inajulikana sana Kenya na Tanzania: tapeli anadai kwamba laini yako ni yake na imepotea, anapewa kadi mpya yenye namba yako, na kuanzia dakika ile ujumbe wako unasomwa na yeye. Ya pili ndiyo iliyomkabili shangazi. Laini isiyotumika hufungwa, kisha namba yake huweza kuuzwa kwa mteja mwingine kabisa, mtu asiye na kosa lolote, ambaye ataanza kupokea funguo za akaunti za mwanamke asiyemjua.

Sasa turudi kwenye kasha. Fikiria wizi wa akaunti unavyotokea siku nyingi. Tovuti fulani, labda ya duka ulilonunua kitu mara moja, imevamiwa na orodha ya wateja wake imevuja. Aliyeipata hakujui. Anachukua barua pepe yako na nywila yako, anazijaribu kwenye milango mingine mia, kwa sababu anajua watu hutumia nywila moja kila mahali. Mtu huyo hana kasha lako. Namba sita zitamzuia, iwe zinakaa pamoja na nywila au mbali nazo.

Hasara ya kuziweka pamoja huonekana pale kasha lenyewe linapofunguliwa, na hilo si la kufikirika tu. Mwaka 2022 wavamizi walinakili hifadhi za wateja wa LastPass, programu mojawapo ya kutunza nywila. Nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini mwenye nywila kuu dhaifu alibaki na hofu ya haki, maana nakala ikishatoka mwizi anaweza kukaa nayo na kubahatisha kwa muda apendao. Nywila kuu basi iwe ndefu: maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, si jina la mtoto na mwaka aliozaliwa.

Kuna faida moja ambayo wanaopinga mpango huu huisahau. Programu ya nywila huitambua tovuti kwa anwani yake halisi. Ukiletewa ukurasa bandia unaofanana na benki yako kwa kila kitu isipokuwa herufi moja ya anwani, jicho lako litadanganyika. Programu itakaa kimya, haitajaza chochote. Kimya hicho kiheshimu. Ukiamua kunakili nywila na namba kwa mkono wako, tapeli anaweza kuzitumia palepale kabla sekunde 30 hazijaisha.

Msimamo wangu ni huu. Akaunti za kawaida, yaani mitandao ya kijamii, maduka, magazeti, weka vyote pamoja, bila kusita. Mbili zikae nje. Moja ni programu yenyewe ya nywila, kwa kuwa namba ya kuifungulia ikikaa ndani yake, umefungia ufunguo ndani ya kasha. Nyingine ni barua pepe yako kuu, ambako tovuti zote hutuma kiungo unaposema umesahau nywila. Hizo mbili zipewe programu nyingine ya namba, au ufunguo wa kuchomeka kama YubiKey. PIN ya M-Pesa usiichanganye na haya: kule laini ndiyo utambulisho wako, na kinga yake ni kuilinda laini.

Unapohamia programu mpya, usifute ya zamani kwa haraka. Tovuti nyingi hazionyeshi tena mchoro wa kwanza. Inabidi uzime uthibitishaji, uuwashe upya, usome mchoro mpya, kisha ujaribu kuingia kwa kifaa kingine kabla ya kufuta programu ya zamani. Wakati huohuo utapewa namba za dharura, za kutumia mara moja kila moja, siku simu itakapopotea. Hizo ziandike kwenye karatasi.

Kazi ya shangazi tuliifanya kwa simu ya video, jioni mbili, akaunti moja baada ya nyingine. Namba ya Zanzibar tuliiondoa kote. Karatasi ya dharura aliikunja mara nne akaiweka kwenye kasha la mbao alilorithi kwa mama yake, katika ile droo ya siri ambayo hata mimi sijui inavyofunguliwa.