Paka akipatwa na kifafa ghafla

Hapa Kizota, penye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na nyumba nyingi zenye magunia ya mahindi, paka ni mlinzi wa chakula kabla ya kuwa kipenzi cha watoto. Siku akianguka ghafla, akakakamaa, akatokwa na povu na kujikojolea, nyumba nzima huingia fadhaa. Mmoja husema ni jini, mwingine hukimbilia kijiko au maziwa.

Usimtie kitu mdomoni. Paka hamezi ulimi wake; kidole chako ndicho kitakachoumia, na maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Ondoa vitu vigumu karibu naye, punguza mwanga na kelele, watoto watoke, kisha tazama saa. Mara nyingi hali hiyo hukoma ndani ya dakika moja au mbili. Ikipita dakika 5, au ikirudi ndani ya saa 24, usingoje kupambazuke: mtafute daktari wa mifugo.

Akizinduka huwa kama mgeni nyumbani kwake. Hugonga kuta, hazijui sauti alizozizoea, na aweza kumng'ata hata anayemlisha kila siku. Kwa wengine hupita baada ya dakika chache, kwa wengine huchukua siku nzima. Mwache sakafuni, mahali penye giza kidogo, na umpe maji na chakula akishatembea sawasawa. Panadol usimpe kamwe. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile, na kidonge kimoja tu chaweza kumuua.

Halafu chunguza sababu. Je, mlitega dawa ya panya? Kuna dawa ya kunyunyizia mizabibu au nyanya iliyomwagika? Alipakwa dawa ya viroboto ya mbwa? Baadhi ya hizo zina permetrini, ambayo ni sumu kali kwa paka. Nenda na pakiti kwa daktari. Kama ni kifafa chenyewe, paka wengi hutulia kwa vidonge vya kila siku.

Sasa niseme linalonitia hofu zaidi. Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi. Mkojo wake ni jambo jingine, uoshwe kabla ya kuswali mahali hapo. Lakini wako wanaodhani kuwa mate yakiwa tohara basi hayana madhara. Tohara ni hukumu ya ibada. Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa ndani ya mate hayo hayo, na paka asiyechanjwa huweza kukipata kwa kung'atwa na mbwa mgonjwa.

Kwa hiyo akikung'ata, au akilamba kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake pilipili wala majivu. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba ya kumponya. Paka naye asiuawe na kutupwa jalalani: afungiwe peke yake, daktari wa mifugo amwangalie kwa siku 10. Na kama hajawahi kuchanjwa, ulizia chanjo kwa ofisa mifugo wa kata. Paka huanza kuchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu.