Kwa nini paa hung'olewa na kimbunga

Kimbunga Andrew kilipolikumba jimbo la Florida nchini Marekani, mwezi Agosti mwaka 1992, nyumba zaidi ya 25,000 ziliteketea. Uchunguzi ulibaini kuwa mapaa mengi hayakuwa yamefungwa barabara. Upepo uvunjapo dirisha, huingia na kulisukuma paa kutoka ndani, huku ule upitao juu ukilivuta. Paa likishang'oka, kuta nazo huanguka.

Kanuni za ujenzi za jimbo zima, zilizoanza kutumika mwaka 2002, zinataka kenchi zifungwe kwenye kuta kwa vyuma, na kuta zishikizwe kwenye msingi. Hata hivyo, kimbunga Michael kilipopiga Florida mwezi Oktoba mwaka 2018, nyumba zilizojengwa kabla ya kanuni hizo ndizo zilizoathirika zaidi.