Mahindi Yenye Ukungu Hayatupwi

Mahindi yakishapukuchuliwa, huchambuliwa. Mazuri yanakwenda mashine. Yenye ukungu wa kijanikijani na yaliyotobolewa na wadudu yanatengwa kwenye karai. Hayatupwi. Hayo ni ya pombe, kwa imani kwamba yakishachachuka na kupikwa, ubaya wote umeisha.

Ubaya hauishi, ila kabla ya kufika huko tuseme kidogo juu ya kilevi chenyewe. Wapenzi wa busaa, komoni na mbege hupenda kujitetea kwamba wanakunywa chakula, si kemikali za kiwandani. Ni kweli nafaka iliyochachuka ina vitamini B na inashibisha. Lakini ethanoli ya ulezi na ya bia ya chupa ni ileile. Busaa yenye kilevi cha asilimia 4 ina gramu 32 hivi za ethanoli kwa lita, na ini la mtu mzima humudu takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyekaa kilabuni tangu saa nane mchana akamaliza lita 3 amelipa ini lake kazi ya zaidi ya saa 9. Tena hajui hasa amekunywa kiasi gani, kwa sababu pombe ya kienyeji huendelea kuchacha chunguni, na ya leo si kali kama ya kesho.

Mwanzo wa madhara ni mafuta kujaa kwenye ini, na mtu akiacha kunywa huweza kuondoka ndani ya wiki chache. Asipoacha, ini huvimba, kisha hujaa makovu na kuwa gumu. Kwa muda mrefu haliumi. Mgonjwa huja macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji, mara nyingi baada ya kuzungushwa kwa waganga akidhani amerogwa.

Sasa turudi kwenye karai. Ukungu ule hutoa sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi, wala kuchachua hakutoshi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Wale waliikuta kwenye chakula na kwa wingi. Mnywaji huipata kidogokidogo kwa miaka, na hatari yake ni saratani ya ini, hasa akiwa pia na homa ya ini aina ya B. Kimea nacho kina sehemu yake: nafaka iliyoloweshwa na kufunikwa kwenye gunia ili iote ni kitanda kizuri cha ukungu, na isipokauka vizuri juani, sumu inaongezeka.

Kuna na chombo. Huko Afrika Kusini, tangu miaka ya 1920, madaktari walikuta maini ya wanywaji wa pombe ya nafaka yamejaa madini ya chuma. Pombe ile ni chachu, ikikaa kwenye chungu cha chuma au pipa huyayusha chuma, na kikizidi mwilini huliunguza ini. Huku kwetu mapipa yamechukua nafasi ya vyungu vya udongo, na mengine yalibeba mafuta au dawa za mashambani. Mimi ningerudi kwenye udongo bila kufikiri mara mbili.

Mahindi mabovu yafukiwe. Ng'ombe wa maziwa naye asilishwe, maana sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa. Chanjo ya homa ya ini B ipo, na mtu mzima ambaye hajaambukizwa bado inamfaa. Na anayekunywa kila siku asizoee kumeza paracetamol kila asubuhi kichwa kinapomgonga. Dawa hiyo nayo husafishwa na ini lilelile, na kwa mnywaji wa muda mrefu kipimo kidogo tu cha ziada huweza kulidhuru.