Tanga likipita, nani anamtazama mtoto?

Tanga la kwanza linapofunguka, watu waliojipanga kando ya ukuta wa bahari mjini Lamu husimama wote kwa pamoja. Wanaume hupiga mbinja, kinamama hupiga vigelegele, na vijana hupanda juu ya mashua zilizotia nanga ili waone vizuri. Kila mtu ana mashua yake: huyu ya Shela, yule ya Matondoni, mwingine ameapa kwamba mwaka huu lazima Kipungani ishinde. Simu zimeinuliwa juu. Na hapo chini, kwenye ngazi za gati zinazoingia majini, watoto wa miaka mitatu, minne, wanachezea maji.

Tamasha la Utamaduni la Lamu hufanyika kila mwaka, mara nyingi Novemba. Kuna mbio za punda, bao, mashairi, mashindano ya kuogelea na kuchorwa hina. Lakini siku ya mashua ndiyo inayowatoa watu majumbani. Kwa wenye mashua wa visiwa hivi, hiyo ndiyo siku yao ya kukutana, kupimana na kukumbushana madeni ya maneno ya mwaka uliopita.

Maandalizi huanza mapema. Mashua hupandishwa ufuoni maji yakipwa, ikakwanguliwa, ikatiwa kalafati pale mbao zinapoachana, na kupakwa sifa. Tanga hukaguliwa mshono kwa mshono. Mtu ambaye siku nyingine huishi kwa kubeba mchanga, kuvua au kutembeza watalii huweka kazi kando. Siku yenyewe mashua haina injini. Hubeba mabaharia wengi kuliko kawaida, na baadhi yao hukaa juu ya ubao unaotokeza nje, upande wa upepo, ili mashua isilale. Magunia ya mchanga ndiyo farumi. Nahodha akikosea kugeuza tanga mara moja tu, ushindi umekwenda.

Mara nyingine mashua hupinduka. Hilo halimshtui mtu sana. Mabaharia ni watu wazima wanaojua kuogelea, vyombo vingine viko karibu, na macho ya mji mzima yanawaona. Aliye hatarini zaidi siku hiyo ni mtoto aliye hatua kumi kutoka kwa mama yake, kwenye maji ya magotini, nyuma ya migongo ya watu wanaotazama mbali.

METHALI INAYOTUDANGANYA

Mfa maji haachi kutapatapa, ndivyo tulivyofundishwa. Kama methali kuhusu mtu aliyebanwa na shida, haina kasoro. Kama maelezo ya jinsi mtoto anavyozama, ni ya hatari, kwa sababu mzazi aliyeiamini hukaa akisubiri kusikia kelele.

Mtoto mdogo anayezama mara nyingi hapigi kelele. Ili mtu apige ukelele ni lazima kwanza apate pumzi, na mdomo wa mtoto anayezama hupanda juu ya maji kwa muda mfupi mno. Muda huo hautoshi hata kuvuta hewa vizuri, sembuse kuita mama. Mikono haipungi hewani. Hujitandaza pembeni na kukandamiza maji, kama mtu anayejaribu kupanda ngazi asiyoiona. Mwili husimama wima, kichwa kimeelekea nyuma, nywele zimefunika macho. Kutoka hapo hadi mtoto kuzama kabisa kunaweza kupita chini ya dakika moja.

Mtu mzima anayejua kuogelea kidogo anaweza kupiga mayowe na kupunga mkono kabla hajachoka. Mtoto wa miaka mitatu hana hatua hiyo. Kwa mtu aliyekaa ufukweni, ataonekana kama mtoto aliyetulia akicheza. Ndiyo maana wakufunzi wa uokoaji husema kwamba mtoto aliye majini akinyamaza ghafla, huo ndio wakati wa kukimbia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4, kuzama ni sababu ya nne ya vifo duniani. Kwa wale wa miaka 5 hadi 14 ni ya tatu. Vifo 9 kati ya 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na sehemu kubwa havitokei kwenye meli zinazotangazwa redioni. Ni mtoto mmoja, mahali pamoja, siku ya kawaida.

MAJI YA ASUBUHI SI YA MCHANA

Familia nyingi zinazokuja Lamu kwa tamasha hutoka bara. Baba anachagua mahali pazuri pa kukaa saa tatu asubuhi, maji yamepwa, mchanga umetanda, watoto wanaokota kombe. Saa saba mchana mahali hapohapo ni bahari.

Mvuvi yeyote wa pwani analijua hili bila kufikiri, lakini mgeni anahitaji hesabu. Kutoka maji kupwa hadi kujaa huchukua takriban saa sita. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya na Tanzania hufika mita 3 au zaidi. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, na karibu nusu ya kupanda kote hutokea katika zile saa mbili za katikati. Kwa mita 3, hiyo ni mita moja na nusu ndani ya saa mbili. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa mita moja hivi.

Ongeza mkondo. Mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda ni mwembamba, na maji yakijaa au yakipwa hupita hapo kwa nguvu. Mtoto aliyezoea bwawa la hoteli lisilo na mkondo hawezi kulinganisha. Kabla ya kutandika mkeka, ni vyema kumuuliza mwenyeji maji yanajaa saa ngapi. Swali hilo halimwaibishi mtu. Manahodha wenyewe hupanga mashindano kwa kulitazama.

HATARI INAYORUDI NYUMBANI

Mashindano yakiisha, watu hurudi kula. Nyumba hujaa wageni, watu wazima wako jikoni na barazani, watoto wanapita vyumba vyote. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, msalani kuna birika lililojengwa, na mara nyingi samaki wadogo huwekwa humo wale viluwiluwi vya mbu. Ni akili nzuri ya wazee, ila mtoto wa miaka miwili akiona samaki atainama. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiingia kichwa mbele, hawezi kujiinua.

Kwenye visiwa jirani kuna majabia ya kukingia maji ya mvua. Na kwa msomaji aliye Kisumu, Morogoro au Nairobi asiye na birika wala jabia, kuna ndoo ya kufulia, karai, pipa la maji ya akiba, shimo la choo lisilofunikwa na machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua. Sentimita chache za maji zinatosha kufunika pua na mdomo. Ndoo iliyomwagwa na pipa lenye kifuniko kizito ni kinga rahisi kuliko zote, na haihitaji serikali.

Kwa watoto ambao bado hawajaanza shule, WHO hupendekeza mahali pa kuwalea pawe mbali na maji, hasa saa ambazo wazazi wana kazi. Bangladesh, nchi ya mito na mabwawa, imefanya hivyo kwa kuanzisha vituo vya kulelea watoto vijijini, vinavyofanya kazi asubuhi hadi mchana, wakati mama yuko jikoni na baba shambani. Saa hizo ndizo zilizokuwa zikiwachukua watoto wengi.

MVULANA GATINI, MSICHANA BARAZANI

Mvulana wa Lamu hujifunza kuogelea kwa kurukaruka kutoka gatini na wenzake. Hakuna mwalimu, hakuna ada. Dada yake wa tumbo moja mara nyingi hubaki kavu. Hakuna mahali pa faragha, hakuna mwalimu wa kike, mavazi ya stara huwa mazito yakilowa, na akifika miaka kumi na miwili watu huanza kusema. Matokeo yake ni mwanamke anayepanda boti kila wiki ya maisha yake bila kujua afanye nini akianguka. Kesho yeye ndiye mama aliyekaa ufukweni na mtoto.

Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umeonyesha njia. Wasichana hufundishwa kuelea, kuogelea na kuokoa, wakivaa mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima. Picha za mafunzo hayo zilizopigwa na Anna Boyiazis zilishinda tuzo katika mashindano ya World Press Photo mwaka 2018. Kilichowashangaza watazamaji wa mbali ni mavazi. Mzazi wa pwani ataona zaidi ya hayo: kumbe inawezekana, na heshima ikabaki palepale.

WHO inashauri watoto kuanzia miaka 6 wafundishwe kuogelea na usalama wa majini. Hata hivyo, kujua kuogelea hakumwondoi mtoto kwenye macho ya mzazi. Mtoto aliyefuzu masomo kumi bwawani bado ni mgeni wa mkondo.

Kuhusu jaketi za uokoaji, siku ya mashindano familia nyingi hukodi boti ili zifuate mashua kwa karibu. Jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto si kinga, maana akiingia majini litabaki juu naye atachopoka chini. Kuna jaribio la sekunde tano. Mfungie vifungo vyote, kisha inua jaketi kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwake. Omba jingine, na kama halipo, teremka na mtoto wako hata kama wenzako wananuna. Maboya ya plastiki ya kujaza upepo ni vitu vya kuchezea tu.

AKITOLEWA MAJINI

Hapa pwani na hata bara, mtoto akitolewa majini bado kuna watu wanaomning'iniza kichwa chini au kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Tabia hii iachwe. Inapoteza dakika, na inaweza kurudisha chakula kutoka tumboni na kukiingiza kwenye mapafu. Tatizo la mtoto aliyezama ni kukosa hewa, hivyo anachohitaji kwanza ni hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Kama haamki na hapumui sawasawa, inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, ziba pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako na umpulizie hadi uone kifua kinapanda. Kwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua kwa pamoja. Miongozo mingine huanza na pumzi 2, mingine 5; la muhimu ni kuanza na pumzi. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha theluthi moja ya kifua, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, na urudie hadi apumue au mhudumu afike. Mwenzako apige simu wakati huohuo. Nchini Kenya, laini ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199, bila malipo.

Akizinduka, akalia, akaomba soda, bado apelekwe hospitali. Maji kidogo yaliyoingia mapafuni yanaweza kuleta shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, na kutoka Shela usiku kwenda Hospitali ya King Fahd ni safari ya boti.

KOFIA YA ZAMU

Ufukwe wenye watu wazima arobaini unaweza kuwa hauna mlinzi hata mmoja, kwa sababu kila mmoja anadhani mwingine anatazama. Njia inayotumika nchi mbalimbali ni kumpa mtu mmoja zamu iliyo wazi, kwa kitu kinachoonekana. Inaweza kuwa kofia au leso. Anayeivaa hashiki simu, hasomi, hapigi soga, hatazami mashua. Baada ya dakika 15 au 20 anamkabidhi mwingine mkononi, kwa jina, naye hatoki hadi mwenzake aseme amepokea. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 hata hiyo haitoshi. Mtu mzima awe nao majini, umbali wa mkono.

Jioni maji yamejaa hadi ngazi ya juu ya gati. Matanga yamekunjwa, na wenye mashua wameshaanza kubishana nani alimzibia nani upepo kwenye boya la kugeuzia. Watoto bado wamo majini. Kwenye ngazi ya mwisho amekaa mwanamke mmoja na kofia ya mumewe kichwani, simu iko mkobani, washindi amewapa mgongo.