Bolti za kuchovya: kutafuta bolti orijino za Land Rover ya babu

Tuseme umerithi Land Rover. Ipo Kwakoa, kwenye tambarare ya mashariki ya Upare wa Kaskazini ukielekea Ziwa Jipe, na imekaa chini ya mgunga tangu babu alipoacha kuendesha. Ni Series IIA ya miaka ya 1960. Umeamua kuifufua iwe kama ilivyotoka kiwandani, na kitu cha kwanza unachogundua ni kwamba nusu ya bolti hazipo. Unaenda dukani mjini, unanunua bolti mpya za milimita 8 zinazong'aa vizuri tu, unarudi na kuanza kufunga. Mzunguko wa kwanza unaingia, wa pili unaingia, wa tatu unakaza.

Ishia hapo hapo. Ukilazimisha na spana ndefu unaua meno ya kitu ambacho hakiuzwi tena popote karibu nawe.

Ipo hivi. Gari lile lilitengenezwa kwa inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, kwa hiyo kwa macho ni sawasawa na ya milimita 8. Tofauti iko kwenye meno. Bolti ya kawaida ya milimita 8 ina jino moja kila milimita 1.25. Ya 5/16 ya mfumo wa zamani wa Kiingereza, BSF, ina meno 22 kwa inchi, na ya mfumo wa UNF ina meno 24. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, na mwezi Novemba mwaka huohuo Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana kutumia mfumo mmoja wa meno. Matokeo yake, Land Rover za mwanzo zimejaa BSF, na zilizofuata zina mchanganyiko: huku BSF, kule UNF. Ndiyo maana fundi mzee hapimi bolti kwa rula. Ana boksi la nati za mfano, anajaribisha kwa vidole.

Hiyo ni habari ya meno. Sasa tuje kwenye ule mng'ao.

Unajua cheni ya dhahabu ya kuchovya: ndani shaba, juu dhahabu kidogo. Bolti nazo huchovywa. Chuma kinawekwa kwenye maji yenye chumvi za madini, umeme unapitishwa, na madini yanajishika juu ya chuma tabaka kwa tabaka. Zinki kwenye bolti ya kawaida huwa na unene wa mikroni 5 hadi 12 hivi, wakati unywele wako una kama mikroni 70. Hivyo, kinachoitwa "rangi ya kiwandani" ni ngozi nyembamba sana, na brashi ya waya kwenye grainda inaimaliza kwa sekunde chache. Mimi huona uchungu nikimwona mtu "anasafisha" bolti orijino hivyo.

Zinki haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Ikikwaruzwa chuma kikaonekana, zinki ndiyo inayoanza kuliwa, chuma kinabaki. Nikeli ya kwenye bampa, ile inayokaa chini ya kromu, inafanya kinyume chake: ikitoboka, chuma cha chini ndicho kinacholiwa, tena haraka. Ndiyo maana bampa la kromu huota vipele vya kutu wakati sehemu nyingine zote bado zinang'aa.

Kwenye Land Rover kuna mchezo wa tatu, kwa sababu bodi yake ni ya aloi ya alumini. Alumini ikigusana na chuma huku kuna maji, alumini ndiyo inayoumia. Utaona unga mweupe umezunguka tundu la bolti, na tundu lenyewe limepanuka. Tabaka la zinki au kadimi juu ya bolti linapunguza ugomvi huo. Sasa kuna vijana wanaofunga bolti za stenlesi bodi nzima ili "zisishike kutu tena". Kweli, bolti hazitashika kutu. Bodi ndiyo itakayolipa.

Kwa hiyo unatafuta bolti yenye meno sahihi na mchovyo sahihi. Utaipata wapi? Jibu linaweza kukushangaza: huko huko Upareni, kabla hujafikiria Gerezani kule Dar es Salaam. Kutu inahitaji unyevu. Hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 60 hivi, kutu husuasua. Chumvi ya bahari ikiongezeka, inakimbia. Gari lililolala miaka 40 Tanga au Bagamoyo limeliwa. Lililolala Kwakoa au Same, kwenye kivuli cha mvua cha milima, mara nyingi bado lina mchovyo wake chini ya vumbi na oili iliyoganda. Kando ya ziwa au penye magadi ni habari nyingine.

Tembelea mashamba ya zamani ya mkonge, gereji za misheni, na zaidi ya yote wanunuzi wa vyuma chakavu. Hawa wananunua kwa kilo, na bolti ya 1962 na nondo ya jana kwao ni uzito tu. Zikishapakiwa kwenye lori zinaenda kuyeyushwa, basi. Ongea nao mapema, wakuwekee pembeni.

Ukiipata, soma kichwa chake. Ikiandikwa 8.8 au 10.9, hiyo ni ya milimita, iache hata kama muuzaji anaapa. Vichwa vya UNF vya Uingereza mara nyingi vina alama ya duara au viduara vilivyoshikana. Halafu angalia chini ya washa, mahali jua na mchanga havikufika: hapo ndipo rangi ya kweli imebaki. Zinki huwa na mng'ao wa kibuluu au wa njano yenye upinde wa mvua. Kadimi ni nyeupe ya kijivu, laini, imetulia kama fedha iliyovaliwa sana.

Kadimi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Viwanda vya zamani viliipenda, lakini ni sumu. Ulaya iliipiga marufuku pamoja na zebaki na risasi kwenye magari mapya kuanzia Julai 2003, isipokuwa kwa matumizi machache. Ukiigusa kwa mkono na kisha kunawa, hakuna neno. Shida ni moto. Kadimi inayeyuka kwenye nyuzi 321 za Selsiasi na kuchemka kwenye 767, na moto wa gesi wa fundi unapita nyuzi 3,000. Bolti iliyogoma ikipigwa gesi mpaka iwe nyekundu, fundi anavuta moshi wa kadimi. Mwanzoni hasikii kitu, au anasikia kama mafua. Baada ya saa kadhaa kifua kinabana, mapafu yanaanza kujaa maji, na mtu anaweza kufa. Maziwa ambayo mafundi wetu hunywa baada ya kuchomelea yanaenda tumboni, na moshi umeenda kwenye mapafu. Bolti ya zamani iliyogoma, ilowanishe kwa dizeli na oili siku tatu nne, au ikate kwa msumeno wa mkono.

Kama mchovyo umeisha na unataka kuchovya upya, omba zinki, usiombe kadimi. Na muulize anayechovya swali moja: bolti ngumu anazifanyaje baada ya asidi? Asidi na umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma, na kadiri chuma kilivyo kigumu ndivyo kinavyoweza kukatika ghafla chenyewe, siku kadhaa baada ya kukazwa. Dawa ni kuzioka kwenye nyuzi 190 hadi 220 kwa saa kadhaa, ndani ya saa 4 tangu zitoke kwenye mchovyo. Akikushangaa, mpe bolti za bodi na za bampa tu. Za usukani, breki na springi ziondoe mfukoni mwake, zifute kwa mafuta ya taa, zipake grisi, uzirudishe zilivyo.