Brazili na Hoja ya Undugu wa Rangi

Ninapofundisha historia ya utumwa, naanza na Brazili. Hakuna nchi ya mabara ya Amerika iliyopokea mateka wengi wa Kiafrika kuliko hiyo, wakiwamo waliopakiwa merikebuni Msumbiji. Nayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kufuta utumwa katika mabara hayo, tarehe 13 Mei 1888.

Mwaka 1933 Gilberto Freyre, mzaliwa wa Recife, alichapisha kitabu chake Casa-Grande & Senzala. Wasomi wengi wa enzi zake waliuonea aibu mchanganyiko wa damu; yeye aliuona kuwa ndio nguvu ya taifa. Mapishi, malezi, ibada, vyote alivionyesha vikiwa na mkono wa Mwafrika. Kwa hilo namheshimu. Hata hivyo, maandishi yake yalistawisha imani ya undugu wa rangi, yaani kwamba Brazili haijui ubaguzi.

Miaka ya 1950, UNESCO ilidhamini utafiti kuhusu imani hiyo. Mmoja wa watafiti wake, Florestan Fernandes wa São Paulo, mtoto wa mtumishi wa nyumbani, alionyesha kwamba watumwa waliachwa huru mikono mitupu: hawakupewa ardhi wala elimu. Baadaye mwanazuoni Lélia Gonzalez akamtazama mwanamke mweusi, anayeshangiliwa siku za Kanivali kisha akarudi kufua na kupika kwenye nyumba za watu.

Mimi nipo upande wa Fernandes na Gonzalez. Sheria ya Brazili ya mwaka 2012 ilitenga nusu ya nafasi za vyuo vikuu vya serikali kuu kwa waliosoma shule za umma, likiwamo fungu la Weusi. Haki ya namna hiyo, inayomfikisha kijana darasani, ndiyo kipimo cha undugu.