Kupima Ganda la Dunia Bila Kuchimba

Usiku wa Ijumaa, tarehe 6 Januari 1928, watu wa bonde la Subukia, kaskazini ya Nakuru, walishtushwa na tetemeko la nchi ambalo mfano wake haujapata kuonekana katika Kenya tangu habari za namna hiyo zilipoanza kuandikwa. Nguvu yake hukadiriwa kuwa 6.9. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mahali ambapo nyanda za Laikipia hukatika ghafula na kushuka bondeni, ardhi ilipasuka. Upande wa bondeni ulishuka, na upande wa pili ukabaki juu kama kipandio cha ngazi. Ufa huo ulifuata mguu wa ukuta kwa mwendo wa kilomita 38 hivi, na mahali pengine kipandio kilikuwa kirefu kuliko mtu mzima aliyesimama.

Wazee wa pwani walikuwa na maelezo yao juu ya mambo hayo. Walisimulia ya kuwa dunia imebebwa na ng'ombe juu ya pembe moja, naye ng'ombe amesimama juu ya mgongo wa samaki mkubwa. Shingo ikimchoka, huihamisha dunia kwenye pembe ya pili, na hapo ndipo nchi inapotikisika. Wataalamu wa leo hawamtafuti ng'ombe, lakini wanakubaliana na wazee katika jambo moja, kwamba sababu ya tetemeko iko chini kabisa, mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Wala jembe halifiki. Shimo lenye kina kuliko yote yaliyopata kuchimbwa liko Kola, katika kaskazini ya Urusi. Wachimbaji walifanya kazi kwa miaka mingi, wakafika kilomita 12 na kidogo katika mwaka wa 1989, wakashindwa kuendelea kwa sababu ya joto. Kutoka usoni mwa dunia mpaka katikati yake ni karibu kilomita 6,370. Mtu aliyetoboa ganda la chungwa kwa ncha ya sindano, asilifikie tunda, hawezi kudai kwamba ameuonja utamu wake. Basi imepasa itafutwe njia nyingine, na njia yenyewe ni lile tetemeko ambalo watu wanaliogopa.

Chombo kinachotumiwa huitwa sismografu, na asili yake ni rahisi kufahamika. Abiria aliyesimama ndani ya gari hujiona akisukumwa nyuma gari linapoondoka kwa ghafula. Kwa kweli hakusukumwa na mtu. Gari limekwenda mbele na mwili wake umechelewa kulifuata. Sismografu za zamani zilifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Uzito mkubwa ulitundikwa katika fremu iliyoshikamana na mwamba, na katika uzito huo kukawa na kalamu iliyogusa karatasi inayozunguka polepole. Nchi ikitikisika, fremu na karatasi huenda pamoja nayo, lakini uzito hubaki nyuma, na kalamu huandika mstari wa vilima na mabonde. Vyombo vya leo hutumia umeme, navyo huhisi mtikisiko mdogo mno ambao mtu aliyelala chini hawezi kuuhisi. Tarehe 17 Aprili 1889 chombo kilichokuwa Potsdam, Ujerumani, kiliandika mtikisiko ambao hakuna mtu wa huko aliyeuhisi. Baadaye ilijulikana kwamba ulitoka Japani, nao ulikuwa umepita katika mwili wa dunia mpaka Ulaya.

Mitikisiko hiyo husafiri kwa mawimbi, na yale yanayopita ndani ya dunia ni ya namna mbili. La kwanza husukuma na kuvuta, kama mabehewa ya garimoshi yaliyosimama stesheni: injini ikiligonga behewa la mbele, hilo huligonga la pili, la pili likaligonga la tatu, mpaka mshindo ukafika mwisho wa treni, ingawa kila behewa limesogea kidogo tu. La pili hutikisa upande kwa upande, kama kamba iliyofungwa mtini ikipigwa na mkono. Katika miamba ya ganda la dunia wimbi la kwanza huenda karibu kilomita 6 kwa kila sekunde, na la pili kama kilomita tatu na nusu. Tena wimbi la pili haliwezi kupita katika kitu kioevu, maana kamba ya maji haina mkazo wa kurudisha mtikiso.

Tofauti hiyo ya mwendo ni mali kubwa. Mchungaji aonaye umeme wa radi huhesabu kimoyomoyo mpaka asikie ngurumo, naye hujua mvua iko mbali au karibu. Mtaalamu naye hutazama karatasi yake na kuhesabu sekunde baina ya kuwasili kwa wimbi la kwanza na kuwasili kwa la pili. Kila sekunde moja ni kilomita 8 hivi. Sekunde kumi zikipita, tetemeko limetokea umbali wa kilomita 80. Lakini upande gani? Kituo kimoja hakitoshi kujibu. Vituo vitatu vikileta hesabu zao, mtaalamu huchora duara tatu katika ramani, na pale zinapokutana ndipo ilipo asili ya tetemeko. Kenya ina kituo cha namna hiyo huko Kilima Mbogo, mashariki ya Thika, ambacho habari zake husomwa na wataalamu wa dunia nzima.

Mtu wa kwanza kuutambua mwisho wa ganda la dunia alikuwa Andrija Mohorovičić, mkuu wa kituo cha hali ya hewa cha Zagreb, katika nchi ya Kroatia ya leo. Tarehe 8 Oktoba 1909 tetemeko lilitokea katika bonde la mto Kupa, kusini ya mji huo. Yeye alikusanya karatasi za sismografu kutoka vituo vingi vya Ulaya, akaona jambo la ajabu. Katika vituo vingine wimbi la kwanza lilikuja mara mbili, kana kwamba matetemeko yalikuwa mawili. Naye hakukubali kwamba vyombo vilikuwa vimeharibika, kama mtu mvivu angalivyosema.

Jibu lake laweza kufahamika kwa mfano wa majirani wawili waendao sokoni wakati mmoja. Wa kwanza hushika njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba yake, akaenda moja kwa moja. Wa pili kwanza huteremka mpaka barabara kuu, akapanda gari. Soko likiwa karibu, yule wa miguu hufika kwanza. Soko likiwa mbali, mwenye gari humpita mwenzake njiani, ijapokuwa alianza kwa kwenda kombo. Hali kadhalika mawimbi: moja hupita juu juu katika ganda, na jingine huteremka mpaka chini ya ganda, ambako miamba ni mizito zaidi na mwendo ni karibu kilomita 8 kwa sekunde, kisha hupanda tena. Na mtu akijua ni soko la umbali gani ambako majirani hao wawili hufika pamoja, aweza kukadiria barabara iko mbali kiasi gani na kijiji, hata kama hajapata kuiona. Kwa hesabu hiyo Mohorovičić alipata kina cha kilomita 54. Mpaka huo, baina ya ganda na tabaka lililo chini yake, huitwa kwa jina lake hata leo.

Wengine walifuata nyayo hizo na kwenda chini zaidi. Mwaka wa 1906 Mwingereza Richard Oldham alikuwa amekwisha onyesha kwamba dunia ina kiini, na mwaka wa 1936 bibi mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, akaonyesha kwamba ndani ya kiini kilichoyeyuka mna kiini kingine kilicho kigumu. Habari zao ni ndefu na zastahili kusimuliwa peke yake.

Mambo ya Bonde la Ufa yalingoja miaka mingi. Shida ni kwamba tetemeko haliji kwa miadi, wala halichagui mahali panapomfaa mtaalamu. Kwa hiyo wataalamu wa Kenya, Uingereza, Ujerumani na Marekani waliamua kufanya mitikisiko yao wenyewe. Kazi ilianza mwaka wa 1985, na iliyo kubwa ilifanywa mwanzoni mwa mwaka wa 1990. Sismografu karibu 200 zilipangwa katika mistari mirefu: mmoja ulifuata bonde kutoka Ziwa Turkana kuja Naivasha, na mwingine ulilikata bonde kutoka upande wa Ziwa Victoria kwenda mashariki. Kisha baruti zililipuliwa, nyingine katika mashimo yaliyochimbwa ardhini na nyingine chini ya maji ya Ziwa Turkana, Baringo, Naivasha na Victoria. Maji yalichaguliwa kwa sababu huusukuma mshindo katika mwamba vizuri kuliko udongo mkavu. Saa ya kila chombo ilipaswa kulingana na saa za vyombo vyote vingine mpaka sehemu ndogo ya sekunde, maana saa moja ikikosea, barabara ya chini huonekana mahali isipokuwepo.

Waliyoyapata ni haya. Chini ya Naivasha ganda la dunia lina unene wa kilomita 35 hivi. Kadiri mtu anavyokwenda kaskazini ndivyo linavyopungua, na chini ya Ziwa Turkana limebaki kilomita 20 tu. Nchi ya huko imevutwa zaidi, ikawa nyembamba kama unga wa chapati unaovutwa kwa mikono miwili. Tena, chini ya ganda la bonde wimbi halikwenda kilomita 8 kwa sekunde kama ilivyo chini ya nchi za kandokando. Lilikwenda karibu 7.6 tu. Wimbi lililopunguza mwendo namna hiyo linasema kwamba limepita katika miamba yenye joto jingi, na mingine imeanza kuyeyuka. Ndiyo sababu Longonot na Menengai ziko pale zilipo. Ndiyo sababu pia mvuke wa Olkaria hufanya umeme tangu mwaka wa 1981, na wahandisi wa huko wameweka sismografu ili vitikisiko vidogo viwaonyeshe joto na mianya ya miamba iliyo chini ya visima vyao.

Mwaka wa 2007 jambo hilo lilionekana likitendeka. Katika mwezi wa Julai nchi ilianza kutikisika karibu na mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania, na tarehe 17 likaja tetemeko la nguvu ya 5.9 hivi. Nairobi, watu walikimbia kutoka maghorofani na kusimama barabarani, wasijue la kufanya. Wataalamu walipounganisha habari za sismografu na vipimo vya setilaiti, waliona kwamba mwamba ulioyeyuka ulikuwa umejipenyeza chini ya nchi, umesimama wima kama ukuta, na kuipanua ardhi. Miezi michache baadaye mlima jirani, Oldoinyo Lengai, ulilipuka kwa nguvu.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa vyombo vyaweza kusema haya yote, kwa nini visiseme siku ya tetemeko lijalo? Haviwezi. Huonyesha mahali palipo hatari na kiasi cha nguvu iwezayo kutoka huko, lakini si siku wala saa, na mtu atangazaye tarehe ya tetemeko asisadikiwe, hata akiwa na cheo gani. Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, hawakupata onyo lolote. Tetemeko la nguvu ya 5.9 liliua watu zaidi ya kumi na kuharibu maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za matofali yasiyofungwa kwa chuma. Katika hesabu za wataalamu, tofauti ya namba moja ni karibu mara 30 ya nguvu. Hivyo lile la Subukia, lenye 6.9, lilikuwa kama thelathini ya lile la Bukoba yakipiga kwa pamoja. Mwaka wa 1928 Nakuru ulikuwa mji mdogo wa reli. Tangu Desemba 2021 ni jiji, lenye maghorofa na shule za mawe, na Nyahururu nao umekua juu ya ukuta ule ule.

Wataalamu wawili, Olaf Zielke na Manfred Strecker, walikwenda katika bonde la Subukia, wakachimba mitaro kuukata ufa wa mwaka 1928 na kusoma tabaka za udongo zilizovunjika. Habari yao ilichapishwa mwaka wa 2009. Chini ya alama ya tetemeko lile walikuta alama nyingine za matetemeko ya kale, yaliyotangulia kwa maelfu ya miaka, kila moja limeikata ardhi katika mstari ule ule.